Rufaa ya Kinyozi

Mdogo wangu alikamatwa mchana kweupe, akikimbia katikati ya barabara, wembe mkono wa kulia, mkoba wa mtu mkono wa kushoto. Mbele yake alikuwa akikimbia mwenye mkoba: kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado kichaka, sikio linachuruzika damu, na lile shuka la kinyozi linapepea shingoni mwake kama bendera. Barabara nzima iliona. Sasa mtu aliyeona hivyo atauliza maswali gani tena?

Mtaani hana jina jingine zaidi ya Kinyozi. Hata mama yetu, Mungu amrehemu, alifika mahali akamwita hivyo, ingawa ndiye aliyempa jina la kwanza. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa uliompa kila mteja pua mbili, na nyuma ya pazia mkewe alishona nguo kwa cherehani. Mkewe tunamwita Mama Pacha. Huyo ni shemeji yangu, na tangu aolewe kwetu sijawahi kumshinda kwa maneno.

Siku hiyo aliingia mteja mgeni, akatundika mkoba wake kwenye ndoano, akaketi, akataka kipara. Kinyozi akaanza upande wa kushoto. Kufika katikati ya utosi, nje lori la mchanga likapasuka tairi. Ule haukuwa mlio, ulikuwa mwisho wa dunia wa majaribio. Njiwa walidondoka kutoka kwenye paa la jirani, na wapo ambao hawajaruka mpaka leo. Mteja akaruka kitini, wembe ukamgusa sikio. Akapeleka mkono, akaona damu, akamwona mtu amesimama nyuma yake na wembe. Akatoka kama risasi.

Mkoba ukabaki kwenye ndoano. Mdogo wangu akaunyaka akamfuata, na wembe akasahau kuuweka chini, maana wembe kwake ni kama kidole cha sita. Akawa anapiga kelele: "Mkoba wako! Ndugu, mkoba wako!" Lakini mtu akikufuata na wembe huku anapiga kelele, husimami kumuuliza shida yake. Wakakimbizana mpaka karibu na kituo cha mafuta. Hapo watu wenye huruma wakamtega Kinyozi mguu, wakamkalia mgongoni. Mkoba ukashikwa na huyu, ukashikwa na yule, ukazunguka umati mzima kabla ya kufika polisi. Ulipofunguliwa, simu haimo, saa haimo. Na hapo ndipo ulipozaliwa unyang'anyi wa kutumia silaha.

Yule mteja baadaye tulimbatiza Nusu Kichwa, kwa sababu polisi walimkataza kunyoa upande uliobaki: kichwa chake kilikuwa kielelezo. Alitembea hivyo mpaka siku ya kutoa ushahidi, upande mmoja jangwa, upande mmoja msitu, na akafungwa karatasi ya namba kwenye sikio. Watu wanasema nimetia chumvi. Nimetia kidogo tu, kwenye karatasi.

Hakimu aliyesikiliza kesi alikuwa kijana. Mdogo wangu alimtazama kutoka kizimbani kama anavyomtazama kila binadamu, kuanzia kidevuni, akaona ndevu zimejaa upande mmoja na upande wa pili bado zinajadiliana. Akamdharau papo hapo. Alipoambiwa ajitetee, akasimama akasema, "Sikuiba. Mengine nitayasema mbele ya wakubwa." Akaketi.

Mama Pacha alikuwa tayari kutoa ushahidi. Alikuwa ametoka nyuma ya pazia akasimama mlangoni, akamsikia mumewe kwa masikio yake mawili akiita mwenye mkoba. Kinyozi akamkataza. "Usimalize maneno kwa watoto," alimwambia. "Huyu ndevu hazijakaa, na akili hivyo hivyo. Huku ni kupita tu. Kuna watu wazima juu, hao ndio tutakaowaeleza." Basi yale maneno mazuri tukayaweka kabatini kama vyombo vya wageni.

Hakimu akamtia hatiani. Akasema mshitakiwa hana kosa la nyuma, ana watoto pacha, anaonekana mtu wa heshima, basi aende jela miaka mitano. Tulilia mitano ile kana kwamba ni mlima. Kumbe sheria ilisema kosa hilo halipungui miaka thelathini. Yule kijana ama hakufungua ukurasa, ama aliufungua, akatuonea huruma, akaufunga. Wakili wa serikali hakulalamika. Hakuna aliyelalamika isipokuwa mdogo wangu, ambaye hata kabla hajazoea mlo wa gerezani alikuwa amekwisha kukata rufaa.

Sasa niseme kidogo kuhusu mahali penyewe. Mahakama ya rufaa, ambako kesi kama hii huenda moja kwa moja kutoka kwa hakimu, iko ghorofa ya sita ya jumba ambamo mimi nilifanya kazi maisha yangu yote, nikiwa mtu wa lifti. Nimepandisha majaji wa kila aina na kuwashusha. Nimejifunza sheria kutoka kwa mawakili wanaogombana kati ya ghorofa ya pili na ya tano. Mara moja umeme ulikatika tukakwama na jaji mmoja pamoja na pande zote mbili za kesi ya shamba, na nawaambieni, hukumu ilitolewa humo humo, mshindi akatoka kwanza. Kwa sababu ya simulizi kama hizo, nyumbani kwetu waliamini kwamba majaji na mimi tunakula sahani moja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nainamisha macho kwa adabu, na watu wale nawajua kwa viatu.

Rufaa ikalala. Mwenendo wa kesi lazima upigwe chapa, na mpiga chapa alikuwa mmoja, na mashine ilikuwa moja, na moja kati ya hivyo viwili kila mara ilikuwa inaumwa. Miaka ikapita. Kinyozi akawa kinyozi wa gereza: ananyoa wafungwa, ananyoa askari, hata bwana mkubwa wa gereza akawa anamwamini na kidevu chake. Kifungo kikapunguzwa kwa tabia njema. Ikabaki miezi michache tu atoke. Mama Pacha alikuwa amekwisha kufua mashati yake na kupaka rangi kibanda. Ndipo ilipokuja taarifa kwamba rufaa imepangiwa siku.

"Si aiache?" nilimuuliza shemeji.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nimemwambia, akaniuliza kama najua maana ya kusubiri."

Siku ilipofika tulipanda kwa ngazi. Lifti haijafanya kazi tangu nistaafu. Haikubali mkono mwingine. Mama Pacha alipumzika kila ghorofa, mkono kiunoni, akiniuliza, "Shemeji, hao watu wako walikosa kabisa pa kukaa huku chini?"

Chumba chenyewe ni kirefu, madawati ya mbao yaliyong'aa kwa makalio ya watu, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na mbele jukwaa lenye viti vitatu vya migongo mirefu. Mdogo wangu aliletwa na askari magereza mmoja mrefu mpole. Alikuwa amekonda, lakini amenyolewa vizuri mno. Wakili wake alikuwa binti aliyepangiwa na mahakama. Tulikutana naye asubuhi ile ile, amebeba faili kifuani kama mtoto mchanga. Alimtazama shemeji akasema, "Mama, humu ndani wewe ni msikilizaji tu. Sawa?"

"Sawa, mwanangu. Ila nina la kuwaambia."

"Ndilo hilo ninaloliogopa."

Majaji wakaingia, wote tukasimama. Nikatazama chini nikawatambua. Wa kulia ni yule mama mwenye visigino vyembamba, tulimwita Kisigino. Wa kushoto ni Ngozi ya Mamba, ambaye sijawahi kuona viatu vyake vikiwa na vumbi, hata msimu wa upepo. Na wa katikati, mwenyekiti wao, ni Soli: soli za mpira, humsikii mpaka yuko nyuma yako. Soli ni mtu mwema, alikuwa akinisalimu kila siku, lakini hajawahi katika maisha yake kuruka ngazi moja.

Soli akafungua faili, akavua miwani, akamtazama mdogo wangu kwa muda.

"Mrufani," alisema, "kabla hatujaanza kuna jambo linalotulazimu kukuonya. Kosa ulilotiwa hatiani, adhabu yake haipungui miaka thelathini. Hakimu alikupa mitano. Hakuwa na uwezo huo. Ukiendelea na rufaa hii, halafu tukaona kweli una hatia, hatutaweza kuliacha kosa hilo la hakimu kama tulivyolikuta. Unaweza kuendelea. Unaweza pia kuiondoa rufaa yako, na ukiiondoa, mbele yetu hakuna kitu, nasi tunafunga faili. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa. Nikinyamaza naenda nyumbani."

"Shauriana na wakili wako," alisema Soli. Wakainuka, wakaingia ndani.

Tukamzunguka. Askari akasogea pembeni hatua moja, maana naye ni mteja.

"Ondoa," alisema yule binti wakili, tayari ameshika kalamu. "Nakuandikia sasa hivi, unaweka sahihi, imekwisha. Unatoka na hukumu yako ile ile."

"Nafasi yetu ikoje tukiendelea?" aliuliza Kinyozi.

"Hoja tunazo. Lakini ningekuwa mimi, nisingezichezea miaka thelathini."

"Umesikia?" alisema Mama Pacha. "Ondoa, baba. Rudi nyumbani. Kibanda nimekipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu inaonyesha nywele zote zilizomwagika."

"Basi njoo uipake upya mwenyewe! Si ndicho ninachokuomba?"

Akatabasamu kidogo. "Nikija nitafanya nini, mke wangu?"

"Utapumzika."

"Halafu?"

"Utafuga kuku."

"Nitawanyoa?"

Askari akacheka, akajifanya anakohoa. Shemeji hakucheka. Alikuwa ameshika ubao wa kizimba cha mumewe kwa mikono miwili.

"Nisikilizeni," alisema mdogo wangu, kwa sauti ya chini. "Kazi yangu si kukata nywele. Nywele hata mashine inakata. Kazi yangu ni kwamba mtu nisiyemjua anaingia, anakaa, anafumba macho, anainua kidevu, ananipa koo lake. Sasa mimi karatasi yangu inasema nilimwekea mteja wembe nikamwibia. Nikiiondoa rufaa, nimekubali. Nani ataniinulia kidevu?"

"Mimi," nilisema.

"Wewe huna nywele, kaka."

"Ndevu ninazo."

"Wewe ni ndugu yangu, huhesabiwi." Akamgeukia yule askari. "Afande, nakunyoa kila Jumamosi. Sijawahi kukukwaruza. Au uongo?"

"Hujawahi," alisema askari.

"Nikitoka, nikafungua pale kwangu, nikuone unapita. Utaingia?"

Yule askari alikuwa mtu mzuri. Nafikiri angeweza kudanganya na dunia isingeharibika. Lakini alifikiri kwanza, na kufikiri kwenyewe kukaonekana. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shingoni, akaushusha haraka akashika mkanda.

"Pale mtaani," alisema, "pale nina kinyozi wangu, unajua. Wa siku nyingi."

Maji ya kiyoyozi yakadondoka kwenye ndoo.

"Basi," alisema mdogo wangu. "Tunaendelea."

"Wewe mwanamume," alisema Mama Pacha, na machozi yakaanza kumtoka, "wewe kichwa chako kigumu kuliko jiwe la kunolea. Mtu mmoja tu amekataa! Mmoja! Mji huu una videvu vingapi?" Akanigeukia. "Shemeji, sema. Wewe si unawajua hawa watu? Mwambie basi!"

Nikamwambia mdogo wangu aiondoe. Nilimwambia kwa jina la mama yetu, nikamwambia kwa jina la watoto wake pacha, nikamwambia kwamba huyo wa katikati namjua, hakanyagi nje ya mstari hata kwa kumhurumia mtoto wake wa kumzaa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mteja anayeulizwa anataka mtindo gani. Kisha akasema, "Kaka, huyo ndiye ninayemtaka. Mtu kama huyo akisema sina hatia, nani atabisha?"

Majaji wakarudi. Akasema anaendelea. Kisigino akaandika.

Na niwaambieni, kwa muda tulipata matumaini. Yule binti alisimama akawa mtu mwingine kabisa. "Waheshimiwa," alisema, "tangu lini mwizi akamfukuza aliyeibiwa? Mwizi hukimbia kwenda mbali na mwenye mali. Huyu alikuwa anakimbia kumwelekea. Ameuchukua mkoba, njia ya nyuma ipo wazi, yeye anatoka mbele ya watu wote, mchana, anamkimbilia mwenye mkoba. Huo ni wizi wa namna gani?" Ngozi ya Mamba akatikisa kichwa kukubali, nilimwona kwa macho yangu. Mama Pacha akanifinya mkono mpaka damu ikasita.

"Swali zuri," alisema Kisigino. "Sasa alikuwa anamkimbilia ili iweje?"

"Ili amrudishie mkoba wake, mheshimiwa."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Alikuwa akiita, 'Mkoba wako.'"

"Liko ukurasa gani?"

Yule binti akafungua faili. Akafunua, akafunua, akarudi nyuma, akafunua. Wote watatu pale juu wakafunua pia. Ikawa ni sauti ya karatasi tu.

"Mashahidi wanasema alikuwa anapiga kelele," alisema Ngozi ya Mamba. "Kelele za nini, hawakuulizwa. Na utetezi wake mwenyewe ni huu hapa." Akasoma kwa sauti, polepole: "'Sikuiba. Mengine nitayasema mbele ya wakubwa.' Mrufani, hao wakubwa ni akina nani?"

Mdogo wangu akasimama wima. Nadhani alikuwa ameungoja wakati huo tangu siku ya kwanza. "Ni ninyi, mheshimiwa," alisema. "Nimewatunzia ninyi."

Hakuna aliyecheka. Soli akavua tena miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

"Mwanangu," alisema, ingawa sidhani kama wanapishana sana umri, "hapa hatupokei maelezo mapya. Sisi tunasoma yaliyoandikwa kule chini. Ambalo halikusemwa kule, hapa halipo."

Mama Pacha akawa amesimama. "Mimi nilimsikia! Nilikuwa mlangoni, alikuwa anasema mkoba wako, ndugu, mkoba wako, mara nyingi, mpaka sauti ikamkauka!"

"Mama, keti," alisema karani.

"Ulitoa ushahidi kule chini?" aliuliza Soli.

"Alinikataza. Alisema tuwasubiri ninyi."

"Basi hatuwezi kukusikiliza, mama."

"Lakini si mnanisikia sasa hivi!"

Wakatazama meza, wote watatu. Wakili wetu akaomba haraka haraka ushahidi wa mama upokelewe kama mpya. Soli akamjibu kwamba si mpya, ulikuwepo siku zote, umekaa kwenye benchi nje ya mahakama na kikapu cha chakula. Alisema hivyo bila ukali. Ingekuwa nafuu angefoka. Wakili wa serikali, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alisimama akasema mkoba alikutwa nao, wembe alikutwa nao, mwenye mkoba alikuwa anavuja damu, naye hana la kuongeza. Akaketi akafungua pipi.

Wakasema hukumu itasomwa siku nyingine.

Siku hiyo ilipofika, majaji hawakuwepo. Ndivyo wanavyofanya. Wanaandika, wanatia sahihi, halafu anakuja msajili kuisoma, mtu ambaye hakuamua chochote, ana mafua, na anataka kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Vile viti vitatu vilikuwa vitupu. Mdogo wangu alikuwa akivitazama vile viti, akasogeza shingo kuangalia ule mlango wa ndani.

"Hawaji?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Hawaji."

"Sasa namtazama nani?"

Msajili alisoma kwa kasi. Mrufani alikuwa na nafasi ya kueleza kwa nini alikuwa na mali ya mwingine mkononi, hakuitumia. Mtu asiye na hatia hangengoja. Maelezo yanayotolewa na wakili kwa mara ya kwanza kwenye rufaa si ushahidi. Mahakama imeguswa na hali ya familia, lakini. Ile "lakini" aliisoma katikati ya kupiga chafya. Rufaa inatupiliwa mbali. Kifungo cha miaka mitano kinaondolewa kwa kuwa ni kinyume cha sheria, na badala yake mrufani atatumikia miaka thelathini kuanzia tarehe aliyotiwa hatiani. Akafunga faili akauliza kama kuna swali.

Kinyozi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Wameandika," aliuliza, "kwamba nilikuwa nakimbia kumrudishia?"

Msajili akafungua tena faili, nampa haki yake, akatazama. "Wameandika mrufani alidai hivyo."

"Alidai."

"Ndiyo. Alidai."

Akaitikia kwa kichwa. Askari akamshika mkono. Ni yule yule mrefu, na hakuweza kumtazama usoni. Mdogo wangu akamwambia mkewe, "Kiti kizungushe mara moja moja, kisishike kutu." Mama Pacha alikuwa akimtazama kama mtu anayejaribu kukariri namba ya simu. Walipomtoa, alibaki akiutazama mlango.

Tulishuka kwa ngazi. Safari hii hakupumzika ghorofa hata moja. Chini kabisa, pale ambapo zamani nilikuwa na kigoda changu kando ya mlango wa lifti, akasimama.

"Shemeji," alisema, "juu ya hawa kuna akina nani?"

Hapo ningeweza kumtungia. Ningeweza kumjengea ghorofa ya saba pale pale, nikaweka zulia, nikaweka majaji wazee wenye ndevu zilizokaa, wenye muda, wanaosema "haya mama, tueleze." Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Nikamtazama usoni, nikashindwa.

"Hakuna," nilisema. "Hawa ndio wa mwisho."

"Kabisa?"

"Kuna kitu kinaitwa mapitio. Unaweza kuomba waipitie hukumu yao."

"Akina nani waipitie?"

"Wao."

"Wale wale watatu?"

"Wale wale. Unawaandikia kuwaomba waone kwamba wamekosea."

Akanitazama kuona kama ni moja ya hadithi zangu. Kisha akacheka, kicheko kikavu kifupi, cha kwanza tangu asubuhi, na kikaisha mara moja kama kilivyoanza. Akajifuta uso kwa pembe ya mtandio.

"Haya, maombi hayo yanapokelewa wapi?"

Nikampeleka kwenye dirisha namba nne, mwisho wa korido. Karani alikuwa akifunga. Alisema wa maombi ya mapitio wapo wengi mbele yetu, na kwa mwendo wa sasa yanachukua miaka, na kwa uzoefu wake hajaona lililofanikiwa. Alisema turudi Jumatatu.

Mama Pacha akauliza, siku hiyo ya Jumatatu, foleni inaanza kupangwa saa ngapi.